Lusina Niliyoiita Kaliandra

Nasimiyu mwanangu,

Sitaanza kwa kukuuliza kama u mzima, maana nakusikia ukikoroma nyuma ya pazia. Mambo ya blanketi, sabuni, gambuti, na yale ya kutokula chakula cha watu usiowajua pale mpakani, mama yako amekwambia yote. Sanduku lako amelifunga na kulifungua mara nyingi hadi zipu imeanza kulalamika. Kesho asubuhi stendi atakwambia tena upya, nawe uitikie kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza. Mimi hapo sina la kuongeza. Nina jambo moja tu. Nimelibeba miaka mingi, na mgongo wangu, unaujua, siku hizi hautaki mizigo.

Nimechoka, mwanangu. Si uchovu wa leo tu, ingawa leo nimejaza udongo kwenye karatasi za miche tangu asubuhi, peke yangu, kwa sababu nilikukataza usiguse udongo siku yako ya mwisho hapa Matisi, usije ukaingia chuoni na kucha nyeusi. Ni uchovu wa mtu aliyenyamaza muda mrefu. Kunyamaza kunachosha kuliko jembe, na hakuna anayekuona ukitoka jasho.

Jioni nilipomaliza nilikaa kando ya kitalu nikatazama miche ikijikunja majani ili ilale. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini kaliandra hulala na mparachichi haulali. Nikakujibu ati mparachichi ni askari wa zamu ya usiku. Uliamini, na jioni moja ukaupelekea chai kwenye kikombe chako. Mama yako alinigombeza mimi kwa ajili ya sukari ile.

Sasa unakwenda chuo cha misitu kule Uganda, na huko watakufundisha miti ya jamii ya kunde kwa majina ya Kilatini ambayo mimi nikiyasoma ulimi unajikwaa. Ninayoyajua mimi unayajua, umekulia humo. Ganda kama la maharagwe. Vijani vidogo vilivyopangwa pande mbili za kijiti kama unyoya wa kuku. Pale kijiti kinapoungana na tawi pamevimba kidogo, kama kifundo cha kidole cha mzee, na hapo ndipo jani hujikunjia usiku. Mizizi ina vinundu, na ukipasua kimoja kwa ukucha utaona wekundu kama wa nyama mbichi. Wadanganyifu nao unawajua. Mjakaranda una majani ya unyoya kabisa, mtu ataapa ni wa jamii hiyo, lakini tunda lake ni kisahani kikavu, si ganda la kunde. Halafu kuna murembe, wenye miiba na vijani vitatu vipana, ambao hakuna atakayedhani ni ndugu wa mgunga mpaka afungue ganda lake akute mbegu nyekundu. Ndugu wengine hawafanani, na wengine wanaofanana si ndugu. Maneno hayo nilikuwa nikiwaambia wateja kwa sauti kubwa, mkono mmoja kiunoni. Waliniita Daktari wa Miti, na nililipenda jina hilo kuliko lile la ubatizo.

Mengine nitakayokueleza uliyasikia vipande vipande, maana ulikuwa mtoto. Leo nataka uyasikie yote kwa mpangilio.

Ulikuwa hujaanza shule watu wa mradi walipopita hapa wakifundisha kwamba ng'ombe akila kaliandra maziwa huongezeka. Kila aliyekuwa na ng'ombe Kitale akaitaka. Mbegu walizotupa zilikuwa kiganja tu, zikaisha upesi, na watu wakaendelea kuja. Mama Njeri, yule ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Nyeri, alikuja kila Jumamosi. "Si uniwekee hata kidogo, Daktari? Ng'ombe zangu zinakonda nikiangalia." Mtu akikuita Daktari unaona haya kumwambia huna.

Nikaenda kutafuta mbegu mwenyewe. Upande wa Kiminini kulikuwa na uzio wa miti nyuma ya shamba moja kubwa la zamani. Majani yake yalikuwa ya unyoya, na maganda makavu yalikuwa tele. Kwa kuwa kulikuwa kiangazi, hapakuwa na maua. Yangekuwepo ningejua mara moja, maana kaliandra huchanua nyuzi nyekundu ndefu kama brashi, na lusina, mti unaofanana nayo kwa majani, huchanua vidonge vyeupe. Lakini maganda nayo yalikuwa yananiambia. Ganda la kaliandra husimama wima, lina kingo nene, na jua likiwaka hupasuka kwa kishindo na kurusha mbegu mbali. Yale ya siku ile yalikuwa bapa, membamba, yananing'inia mafungu mafungu, yametulia. Nakumbuka nilijiambia kwamba labda ni ukame uliofanya yawe hivyo. Mlinzi wa shamba alikuwa amekaa pale pale akichoma mahindi. Nilimpa salamu nikampita. Daktari wa Miti amwulize mlinzi jina la mti! Nikajaza nusu gunia nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Miche ikamea kuliko kaliandra yoyote niliyowahi kuotesha. Niliwauzia watu wengi wa Matisi, nami nikapanda uzio wetu, upande wa kwa jirani yetu Wekesa. Ng'ombe wa Mama Njeri walikula wakanona, akaniletea maziwa ya shukrani kwenye mtungi wa plastiki. Hao ng'ombe wake uwakumbuke, nitawarudia.

Babu yako alipofariki, Kukhu, bibi yako, alitoka Kabuchai akaja kukaa nasi. Ulilala naye kitanda kimoja, nawe ndiye uliyemfundisha kutumia swichi ya taa. Mama yangu hakuwa mtu wa watu wengi. Hapa mjini rafiki yake alikuwa mmoja, punda wa Wekesa. Unajua Wekesa aliuza maji kwa mkokoteni, na punda yule ndiye aliyekuwa shamba lake. Kila jioni punda akifunguliwa, Kukhu alivunja matawi kwenye uzio wetu akampelekea. Alikuwa akisimama hapo mkono wake ukiwa shingoni mwa punda, akimsemesha kwa Kibukusu cha sauti ya chini, mpaka matawi yaishe.

Punda akaanza kunyonyoka. Zilianza singa za shingoni, ukafuata mkia, mpaka mkia ukabaki kama fimbo. Kwato zikamuuma, akawa anakanyaga kama mtu aliye pekupeku juu ya makaa. Mwishowe akaukataa mkokoteni. Wekesa akaagiza daktari wa mifugo, akaambiwa atakuja, akangoja, na daktari hakuja. Na sisi watu wa huku, ugonjwa ukikosa jina hatukawii kuutafutia mtu.

Hapa ndipo pananiuma. Jirani mmoja alisema mbele ya watu, "Labda ni hiyo majani anakula." Angesikilizwa, mambo yangeishia hapo. Mimi ndiye niliyemjibu. "Majani gani bana? Ng'ombe za Mama Njeri si zinakula hiyo hiyo, na maziwa inamwagika?" Watu wakacheka, na yule jirani akanyamaza. Nilikuwa nautetea mti wangu, Nasimiyu. Nilidhani ni jina langu linalojadiliwa. Kumbe nilipoyaondolea majani lawama, palibaki mtu mmoja tu wa kulaumiwa, naye ni yule aliyekuwa akiyapeleka kwa mkono wake.

Jumapili moja baada ya kanisa wazee wakakaa kwa Wekesa, wakakuita. Ulikuwa darasa la nne, bado umevaa gauni la kanisani. Mmoja akakuuliza Kukhu anampa punda nini. Ukasema majani. Akakuuliza kama huwa anaongea na punda. Ukasema ndiyo. "Anamwambia nini?" Ukasema hujui, anaongea kwa sauti ya chini. "Ati sauti ya chini," yule mzee akawarudia wenzake, na wakatazamana. Ulinigeukia mimi ili ujue kama umejibu vizuri. Sikukuonyesha uso wowote.

Kisha wakataka kuangalia chumba. Nikawaambia kwa ujeuri, ingieni, hamtapata kitu. Chini ya mto wake wakapata leso imefungwa fundo, na ndani nywele za mkia wa punda, zimekunjwa vizuri kama uzi.

Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwatazama wao, alinitazama mimi. Nimeufikiria ule uso miaka yote hii na sasa najua alikuwa akingoja nini. Alikuwa akingoja nimwulize. Swali moja tu, mama, hizi ni za nini? Sikumwuliza. Nilitazama chini, kwa sababu kwa muda ule niliamini. Hata kifo cha baba nilianza kukifikiria upya. Mama aliyenizaa, mwanangu, na mimi nikasimama pale nikimhesabia.

Nikamwambia akapumzike kidogo kwa kaka zake Matulo, maneno yapoe. Unajua kwetu mwanamke aliyezaa na kulea kwa mumewe hazeekei kwa kaka zake. Ni aibu ya kuamka nayo kila siku. Angerudi kwenye nyumba yake Kabuchai, lakini maneno yalimtangulia kufika, na ndugu zangu wakasema hawamtaki karibu na watoto wao. Akaondoka na kikapu kimoja. Wewe ulijificha nyuma ya miche, na alipita akiita jina lako, nawe hukutoka.

Alipoondoka, punda akapona. Hakuna mwingine aliyekuwa na moyo wa kumvunjia matawi, basi akarudi kula nyasi na maganda ya viazi, na nywele zikamea. "Si mnaona?" watu wakasema. Tungewajibu nini? Ushahidi ulikuwa ukipita barabarani kila asubuhi ukivuta maji, na mkia mpya. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Yule punda alizipata zake tena mapema. Sisi zetu zilichelewa sana.

Zaidi ya mwaka ulikuwa umepita alipokuja yule mama afisa wa miti kutafuta miche ya shule. Alisimama kwenye uzio wetu, akavuta jani, akapitisha kidole kwenye kijiti chake chini ya vijani vya kwanza. "Mzee, hii lusina yako imestawi." Nikamwambia kwa heshima kwamba ni kaliandra. Akanishika mkono kama mtoto, akaniwekea kidole mahali pale. Kuna kitone kimeinuka, kidogo kuliko punje ya mtama, kimebonyea katikati. "Kaliandra haina hii," akasema. "Na punda hamumpei, ama? Hata sungura. Ng'ombe anacheua, akipewa kiasi haina shida. Lakini punda atanyonyoka mkia." Alisema hivyo huku akitafuta kalamu kwenye mkoba. Mimi niliomba ruhusa nikae chini.

Ndiyo siku uliyotoka shule ukanikuta na panga na shoka, uzio wote chini, ukadhani nimerukwa na akili. Ukaniuliza kuna nini. Nikakwambia, "Ilikuwa ni majani," nikaendelea kung'oa visiki. Hayo ndiyo maelezo pekee niliyowahi kukupa. Baba mzima.

Nilimwambia Wekesa. Alikuwa akifunga gurudumu la mkokoteni, akaendelea kufunga. "Sasa tutafanya aje bana," akasema baadaye. "Mama si alishaenda." Nilimwambia na Mama Njeri, akakataa kung'oa hata mche mmoja, na alikuwa na haki, ng'ombe wake hawana shida mpaka leo. Kanisani nilisimama nikaeleza, nikasikia watu wakikohoa. Na Matulo nikatuma mtu. Nilituma, sikwenda. Nikamwagiza amwambie mama kwamba ilikuwa ni mti, tumejua sasa, arudi. Jibu lake lilikuwa fupi. "Mwambieni nimesikia."

Kila mwaka nilisema nitakwenda baada ya mavuno, na baada ya mavuno nilisema nitakwenda baada ya palizi. Mama yako ndiye aliyekuwa akienda kila Desemba na sukari na kanga, na kila Desemba wewe tumbo lilikuuma. Nilidhani ni utoto, kisha nikadhani ni usichana. Ndipo mwezi uliopita, mama yako alipokuuliza kama utapita Matulo kumuaga Kukhu, nikasikia ukimjibu. Nilikuwa nje, na mabati haya hayafichi neno. "Nitamwangalia na macho gani, Mama? Si ni mimi nilisema."

Niliweka chini ndoo niliyokuwa nimeibeba. Miaka yote hiyo nilijiona mtu mwenye mzigo, nikajihurumia. Kumbe nusu ya mzigo niliiacha kwa mtoto wa darasa la nne, naye akaibeba akiwa kimya mpaka kidato cha nne, akileta maganda ya miti mifukoni, akinyofoa kila jani analolikuta na kulipapasa kijiti. Nilikuwa nikijisifu kwa majirani kwamba umerithi kipaji changu. Nisamehe kwa hilo. Nadhani hukurithi kipaji. Ulikuwa unatafuta.

Sasa nisikilize, kwa sababu hili ndilo lililonikalisha kuandika. Uliulizwa ulichokiona, ukasema ulichokiona. Hukuongeza chochote. Mimi niliyekuwa mtu mzima nilisema kwa sauti kubwa jambo nisilolijua. Kama kuna neno lililomtoa Kukhu hapa nyumbani, ni langu, na baada ya neno hilo ni kimya changu. Lako halimo. Nilipaswa kukwambia siku ile ile nilipong'oa uzio, na kila siku iliyofuata.

Wiki jana niliwaambia naenda Bungoma kutafuta karatasi za miche. Nilikwenda Matulo. Nilikata tawi moja la kaliandra yetu na tawi moja la lusina ya Mama Njeri, nikayafunga kwenye gazeti lenye maji.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya mjomba anachambua maharagwe kwenye ungo. Amekuwa mdogo, Nasimiyu. Macho yana ukungu, lakini aliujua mguu wangu. "Ni Wanyonyi? Kaa. Chai iko." Kana kwamba nilitoka jana kwenda dukani. Sikuweza kunywa. Nikamwekea matawi mapajani, nikasema, mama, nimeleta uone. Akasema haoni sana, lakini akayachukua, akapitisha vidole kama anavyopitisha kwenye maharagwe. Sikuwa nimemwambia chochote. Kidole kikafika pale kikasimama.

"Hii iko na kitu hapa," akasema. "Hii ingine hapana."

Nikamwambia, ndiyo, mama. Hiyo ndiyo iliyomnyonyoa punda. Akarudia kupapasa, mara nyingi.

"Hii? Hii kidogo hivi?"

Ndipo nikamwuliza lile swali, nikiwa na mvi kichwani. Zile nywele kwenye leso, mama, zilikuwa za nini? Akageuza uso upande wangu. "Nilikuwa naweka nionyeshe daktari ya mifugo akikuja. Wekesa alisema atakuja. Nikasema, asije akose kuona vile inatoka." Kisha akasema, "Ungeniuliza tu, baba."

Nililia. Sitakuficha. Nililia mbele ya watoto wa mjomba na kuku wao, naye akaniacha nimalize, akiendelea na maharagwe. Nilipopangusa uso akaniuliza, "Na mkia ilimea?" Nikasema ulimea. "Ikawa mizuri?" Nikasema ukawa mzuri kuliko wa kwanza. Akacheka, kile kicheko chake cha kufunika mdomo kwa sababu ya meno. Nikaona huo ndio wakati, nikamwuliza alikuwa akimwambia punda nini jioni zile. Alinishangaa kama nimeuliza jambo ambalo kila mtu analijua.

"Nilikuwa nampa pole. Mzigo yote hiyo, nani mwingine alikuwa anampa?"

Nilimwomba turudi pamoja. Akasema hapana, si sasa. Amechoka kuhamishwa, amesema, na kwa kaka yake amekwisha zoea mahali jua linapoingilia. Sitakudanganya kwamba nimelirekebisha jambo hili. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi niliyamwaga kisha nikakaa miaka mingi nikiyatazama. Nitakwenda tena mwezi ujao, na mwezi mwingine, nikae nichambue maharagwe. Ndugu zangu wa Kabuchai nimewaambia wapake udongo nyumba yake, na kwamba anayeogopa kwa ajili ya watoto wake aje anieleze mimi. Kama hatataka kuingia humo akiwa hai, basi angalau itakuwa imesimama.

Nilipoinuka kuondoka akanishika shati. "Na yule mwana? Yule walimuuliza maswali?"

Nikamwambia unakwenda kusomea miti. Nikamwambia na lile ulilomwambia mama yako. Alizungusha tawi la lusina kati ya vidole, nami nikafikiri labda hakusikia. Kisha akasema, "Si ni mimi nilimfundisha asidanganye. Walimuuliza, akajibu. Angedanganya ndio ningekasirika." Na baadaye, kwa sauti ya chini ile ile, "Kumbe ndio maana hakuji."

Akaniuliza unasafiri lini. Nikamtajia siku. Akauliza basi linapita Matulo saa ngapi, nikasema sijui, linategemea litakavyojaa Kitale na kukaa Webuye. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye ungo wake.

Sikuamshi usiku huu kukwambia haya kwa mdomo, kwa sababu najijua, ningeanza kueleza habari za miti. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku, chini ya sweta. Kesho fanya unavyoona. Ukishuka Matulo, magari ya kwenda Bungoma hayakosekani, utafika mpakani Malaba jua bado lipo. Ukipita, sitakuuliza kamwe, na mama yako nitamzuia asikuulize. Nimekwisha kukutwika ya kutosha.

Ila lazima ujue jambo moja kabla hujapanda. Kukhu atakuwa kando ya barabara. Mjomba amepiga simu jioni hii kwa jirani kuuliza kama safari ingalipo, maana mama amekwisha toa kitambaa chake cha bluu na anasema atatoka kungali na giza, kwa vile hajui saa. Na kwa vile macho yake hayawezi tena kutambua basi lipi ni lako, amesema atayapungia mkono yote.

Baba yako,
Wanyonyi